VIPANDE VYA NGUO NYUMBANI MWA BWANA

Mazungumzo ya ibada redioni. Somo: Kutoka 35:20-29



Katika makanisa yetu ya Pwani, tangu Mombasa hadi Mtwapa, Kilifi na Malindi, tumezoea kuona vitambaa vya rangi juu ya Meza ya Bwana: cheupe wakati wa Krismasi na Pasaka, cha zambarau wakati wa Kwaresima, chekundu siku ya Pentekoste. Hivyo havimsumbui mtu. Lakini akina mama wanapotaka kushona wenyewe nguo ya kutundika ukutani, yenye viraka, darizi, shanga na ukindu, ili iwasaidie watu kutafakari na kusali, maswali mawili huzuka. Wengine huuliza, "Je, hiyo si sanamu?" Wengine husema, "Sisi maskini tutaleta nini?" Leo tutazame maswali hayo mawili.

Kwanza, habari ya sanamu. Katika Hesabu 15:37-41 Mungu mwenyewe aliwaagiza Waisraeli watie vishada katika pindo za nguo zao, na uzi wa rangi ya samawi. Kwa nini? Ili wavitazame na kuzikumbuka amri zake. Mungu aliwajua watu wake kwamba ni wepesi wa kusahau, akaupa uzi kazi ya kuwakumbusha. Hakuwaambia wausujudie uzi. Basi hapo ndipo penye mpaka. Nguo ya ibada ni ya kutukumbusha. Haiombwi, haibusiwi, wala haitafutwi uponyaji kwayo. Tena tukumbuke ile nyoka ya shaba. Musa aliifanya kwa agizo la Mungu, lakini watu walipoanza kuifukizia uvumba, mfalme Hezekia aliivunja (2 Wafalme 18:4). Vivyo hivyo, nguo yo yote ikianza kuchukua nafasi ya Bwana mioyoni mwetu, na ishushwe ukutani siku hiyo hiyo.

Pili, habari ya umaskini. Somo letu lasema kwamba wanawake wenye ujuzi walisokota nyuzi za buluu, za zambarau na nyekundu, na kitani safi. Wengine walisokota singa za mbuzi. Singa za mbuzi ni kitu cha hali ya chini, tena ni ngumu mkononi. Lakini soma Kutoka 26: mapazia ya kitani yalikuwa 10, na ya singa za mbuzi yalikuwa 11, nayo ndiyo yaliyofunika yale ya kitani juu. Uzuri wa kitani ulihifadhiwa na singa za mbuzi! Mapazia hayo yakaungwa kwa tanzi na vifungo, vya dhahabu huku na vya shaba kule, ili hema iwe moja. Nyumbani mwa Mungu hapakukosa nafasi ya mwenye kidogo.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili si geni kwetu watu wa Pwani. Mreno mmoja aitwaye Duarte Barbosa, aliyeandika habari za pwani yetu mnamo mwaka 1516, aeleza kwamba watu wa Sofala walinunua nguo za buluu kutoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na nyuzi nyeupe za pamba yao wenyewe. Je, hivyo sivyo afanyavyo Bwana na maisha yetu? Hatutupi. Hutufumua, akatufuma tena.

Itazameni leso pia. Jina lenyewe latokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono. Wazee wetu wasimulia kwamba katika karne ya 19 wanawake waliviunga vitambaa sita vya namna hiyo, wakapata vazi moja. Wakati huo nguo ilimtangaza mtu cheo chake. Mtumwa alivaa merikani, ile nguo ngumu isiyo na rangi, au kaniki nyeusi. Waungwana walivaa za rangi. Waliowekwa huru, kama wale waliopewa makao Frere Town tangu mwaka 1875, walijua uchungu wa kutambuliwa kwa nguo. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, wengi walikuwa wamekwisha kuacha kaniki na kuvaa leso za rangi.

Kwa hiyo twashauri hivi. Chukueni merikani iwe msingi wa nguo yenu. Juu ya nguo hiyo iliyokuwa alama ya utumwa, kila mshiriki na alete kipande chake: pindo la leso ya marehemu mama, mkono wa sare ya shule, kipande cha wavu wa mvuvi, gunia la mkulima, ukindu, kifungo cha kifuu cha nazi. Vipigeni bandi kwanza, mvipange, kisha mvishone imara na kukunja pindo. Mtwapa yetu ina watu wa makabila mengi, Wamijikenda na waliotoka bara. Nguo hiyo itawaonyesha kwa macho yale ambayo Paulo aliwaandikia Waefeso katika sura ya 2, kwamba walio mbali na walio karibu wamefanywa kuwa mmoja.

Itundikeni ukuta wa kando, isiifiche Meza wala msalaba. Ukija mapema kabla ya ibada, keti kimya. Chagua kipande kimoja tu. Mshukuru Mungu kwa yule aliyekileta, umwombee, kisha jiulize: mimi nimeshonwa wapi katika kanisa hili? Je, kuna mtu ambaye tumemwacha nje, kama kitambaa kilichoanguka chini ya cherehani?

Hilo ndilo jambo kubwa. Nguo nzuri ukutani, na mjane asiyetembelewa nyumbani kwake, haviwezi kupatana mbele za Mungu. Mwenye kushona na ashone pia urafiki.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe hukuzikataa singa za mbuzi. Pokea vipande vyetu, utuunge pamoja, wala asipotee hata mmoja wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.