Vijana wa Nakuru na Watu Wasiojitambua Kuwa Wanaume wala Wanawake

Sensa ya mwaka 2019, iliyokuwa ya kwanza nchini Kenya kuwahesabu huntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja, ilisajili huntha 1,524 kote nchini, 95 kati yao wakiwa katika Kaunti ya Nakuru. Hesabu hiyo haikuwahusu watu ambao, maumbile yao yawe yoyote, hawajitambui kuwa wanaume wala wanawake. Hata hivyo, makundi haya mawili, ingawa hayafanani, hukumbana na kejeli zile zile, hasa shuleni, ambako sare, mabweni, vyoo na fomu za usajili hutambua pande mbili tu.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto huntha na kutaka atendewe kwa heshima, lakini sheria pekee haikomeshi dhihaka za bwenini. Mwanasaikolojia Mmarekani Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba chuki hupungua pale watu wanapokutana wakiwa na hadhi sawa, wakifanya kazi ya lengo moja, huku wenye mamlaka wakiwaunga mkono. Kwa hiyo kumpa mwanafunzi wa mojawapo ya makundi haya nafasi katika timu ya mdahalo au kikundi cha sayansi kuna manufaa zaidi kuliko kumsimamisha gwarideni ahojiwe kama kioja.

Njia ya pili ya kupunguza chuki ni mazungumzo. Utafiti wa David Broockman na Joshua Kalla uliofanywa Miami na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba maongezi ya takriban dakika 10, ambamo mwenyeji hakuhubiriwa bali aliombwa akumbuke alivyowahi kudharauliwa kwa kuwa tofauti, yalipunguza ubaguzi dhidi ya watu waliobadili utambulisho wao wa kijinsia kwa angalau miezi 3.

Nakuru ina kumbukumbu za kutosha kwa zoezi hilo. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, wazee wa Kikuyu na Kalenjin walijadiliana kwa muda mrefu hadi mkataba wa amani ukatiwa saini Agosti 2012, na kijana ambaye jamaa zake waliwahi kuitwa “madoadoa” kwa kuwa wa kabila jingine anajua jinsi neno moja linavyoweza kumtoa mtu katika jamii. Mwalimu, kasisi au imamu anayeanzia hapo hamlazimishi kijana kuacha imani yake, kwa kuwa uvumilivu hautaki watu wakubaliane katika kila jambo. Unachodai ni kwamba tofauti ya mtu isiwe sababu ya kumtusi, kumpiga wala kumfukuza shuleni.