HUDUMA ZA MTOTO: ULIZA, ANDIKA, FUATA

Mfugaji wa Mwankoko anajua la kufanya ng'ombe wake akiugua. Anamwita bwana mifugo. Mkulima wa alizeti anajua mahali pa kuulizia mbegu bora. Lakini mtoto akizaliwa na mguu uliopinda, mzazi aanzie wapi?

Mara nyingi huduma ipo, ila njia ya kuifikia haijulikani. Mzazi anaambiwa kwa mdomo, "Nenda mjini." Akifika, anaambiwa hana barua, au siku ya kliniki imepita. Nauli imekwisha. Anarudi nyumbani na kukata tamaa. Anayeumia ni mtoto.

KUCHELEWA NI HASARA

Tuchukue mfano wa mguu kifundo. Mtoto huzaliwa unyayo wake umepinda kuelekea ndani. Hii si laana, wala si kosa la mama. Mguu huu unatibika.

Ni vizuri matibabu yaanze katika wiki za kwanza. Mtaalamu huunyoosha mguu polepole kwa mikono. Kisha huufunga hogo, yaani plasta ngumu. Hogo hubadilishwa kila wiki, mara tano au sita hivi. Watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino. Baadaye mtoto huvaa viatu maalumu. Kwa miezi 3 huvivaa karibu saa zote, kisha wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka 4 au 5. Viatu vikiachwa mapema, mguu huweza kupinda tena.

Mtoto akicheleweshwa, huenda akahitaji upasuaji mkubwa. Kama kupanda, tiba nayo ina msimu wake.

MILANGO YA KUBISHA

Kwanza, zahanati. Mpeleke mtoto pamoja na kadi yake ya kliniki. Ikiwa tiba haipo hapo, omba barua ya rufaa.

Pili, ofisi ya Mtendaji wa Kata. Mtoto wa chini ya miaka mitano huandikishwa hapo, au katika kituo cha tiba, ili apate cheti cha kuzaliwa. Cheti hiki kitamfaa shuleni na kwenye huduma nyingine.

Tatu, Afisa Ustawi wa Jamii. Mwone ikiwa mtoto ni yatima, ametelekezwa, anapigwa, au ana ulemavu na familia imeshindwa kumhudumia. Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida, kwa hiyo uliza habari zake katika Halmashauri ya Manispaa.

Nne, simu namba 116. Hii ni simu ya kusaidia watoto. Kuipiga ni bure.

Usione haya kubisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto. Tena inamtaka mwananchi anayeona mtoto akinyimwa haki zake atoe taarifa.

TUMIA KALAMU YAKO

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma na kuandika. Elimu hiyo sasa imsaidie mtoto. Chukua daftari. Kabla ya kutoka katika ofisi yoyote, uliza na uandike:

1. Niende wapi?
2. Nimwone nani?
3. Niende siku gani?
4. Nichukue karatasi gani?
5. Je, kuna malipo?

Msomee afisa majibu uliyoandika. Kama umekosea, atakusahihisha hapo hapo, nawe utaokoa nauli.

Mwaka 1973 wananchi wengi walijifunza usafi katika vikundi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walijadili, kisha wakachimba vyoo. Na sisi tujadili, kisha tumsindikize mama mwenye shida mpaka kwenye mlango unaofaa. Mtoto wa jirani ni mtoto wetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika mtaa wetu kuna mtoto anayefichwa ndani kwa sababu ya ulemavu?
2. Nani kati yetu atawatembelea wazazi wake wiki hii?
3. Atabisha nao mlango upi kwanza?