Kazi ya mapendo, faida ya nani?

Mwezi uliopita, kisha mukutano wa sendika, kijana mumoja alibaki nyuma. Alisoma mekanike, na anapenda mashini kubwa sawa vile wengine wanapenda mupira. Kampuni moja yenye kutumikia ku mine ilimwambia: « Kuya utumike kwanza, ujifunze, mushahara tutaona kisha. » Miezi mitatu imepita. Anaamka saa kumi ya usiku, anavaa bote alizonunua yeye mwenyewe, anarudia mangaribi na mikono mitupu. Akatuuliza: « Ba delege, mi napenda hii kazi. Niko nafanya mubaya kuitumika bure? »

Swali lile lilitukamata. Sisi wote tuliingia ku kazi hii kwa njaa, lakini wengi tuko na mapendo nayo pia. Na wakubwa wanajua kutumia mapendo ya mutu. Ili kumujibu, tulimupa habari ya watu wa mbali, wenye hawajaona shimo ya mine hata siku moja.

Ku Marekani kuko maonyesho makubwa ya wapenzi wa katuni na filme, wale watu wa Spider-Man, Batman na vikaragosi vya Japani ambavyo watoto wetu wanaangalia ku telefone. Wanakusanyika siku tatu ao ine ndani ya jengo kubwa. Wanavaa nguo za mashujaa wao, wananunua vitabu, wanapiga foto pamoja na wenye kuchora na wenye kucheza filme. Ni basuporteri kabisa, sawa vile ba Mazembe kwetu, lakini mupira wao ni hadithi.

Mutu anayeingia analipa tiketi. Mwenye kuuzisha vitu analipa nafasi ya meza yake. Feza ni nyingi. Lakini mulangoni nani anaangalia tiketi? Nani anapanga mistari ya watu, anachunga wageni, anabeba meza na viti? Mara nyingi ni wapenzi wenyewe, wale tunaita benevole. Hawalipwe. Wanapata kuingia bure na furaha ya kuwa karibu na vitu wanavyopenda.

Moja ya maonyesho hayo inaitwa Emerald City Comicon. Ilianza mwaka 2003 ku Seattle, muji wa jimbo la Washington, kando ya Bahari ya Pasifiki (si Washington ya Rais). Benevole wa kule walikuwa wanaitwa « minions », jina moja na wale watu wadogo wa manjano ku filme ya watoto, wenye kutumikia bwana wao bila kuuliza. Lakini mwaka 2016 mumoja wao aliuliza. Alienda kwa tribinali, kwa jina lake na kwa jina la wenzake. Alisema: maonyesho haya ni mali ya kampuni yenye kutafuta faida, sisi tulitumika kwa saa walizotupangia, chini ya amri yao, basi sisi ni watumikaji, tulipwe.

Tufanye hesabu kidogo, sawa vile tunafanya siku ya kulipwa. Mwaka 2015, mushahara wa chini wa sheria ku jimbo lile ulikuwa dolare 9,47 kwa saa moja. Mutu akitumika saa 8 kwa siku, siku tatu, ni saa 24. Ni kusema dolare 227 na kitu. Kwa mutu mumoja, ni kidogo. Lakini zidisha kwa mamia ya watu, na kwa kila mwaka, utaona mulima. Mambo yale yaliisha kwa mapatano: kampuni ilikubali kutoa karibu dolare nusu milioni, igawanywe kwa wale benevole. Mapatano si hukumu, hakuna juji aliyesema nani ana kosa. Lakini feza ilitoka.

Kila mara mutu akidai vile, kunatokea wenzake wa kumukemea: « We unaharibisha mapendo yetu. Sisi wenyewe tulikubali. » Neno lile tunalijua, tumelisikia hata mu mukutano wetu. Ku Marekani neno lile lilipata jibu zamani. Kulikuwa shirika moja la dini ku Arkansas, la Tony na Susan Alamo. Wafuasi wake walitumika ndani ya maduka, mashamba na stesheni za esanse za shirika. Walipewa chakula, nguo na pa kulala, mushahara hapana. Mbele ya majuji, wafuasi wenyewe walisema: sisi hatutaki mushahara. Mwaka 1985 tribinali kubwa kupita zote ya inchi ile, majuji wote kwa sauti moja, ikasema: hata kama hamutaki, sheria inawahusu. Juu ya nini? Juu sheria ikiruhusu mutu kukataa mushahara wake, patron atawalazimisha wote wakatae. Na patron mwengine mwenye kulipa muzuri atashindwa na yule wa bure. Mushahara wako hauchungi wewe peke yako, unachunga na jirani yako.

Ni kwa sababu hiyo, ku sheria ya kule, mutu anaweza kujitolea kwa shirika lisilotafuta faida, lakini kampuni ya biashara haina ruhusa ya kumutumikisha bure na kumupa jina la benevole.

Kampuni zingine zilipoona kesi kama hizo, zilitafuta njia ya kuzunguka. Ku Phoenix, jimbo la Arizona, mwisho wa mwaka 2016, wenye maonyesho ya Phoenix Comicon walitangaza: kila benevole aingie kwanza ndani ya chama kimoja cha wapenzi, na alipe dolare 20 kwa mwaka. Musome tena pole pole: mutumikaji alipe ndipo apate ruhusa ya kutumika! Wapenzi walikasirika. Waliandika, walipiga makelele, wengine walisema hawatakuja tena. Haikupita muda mwingi, mwanzo wa 2017 ule mupango uliachwa. Hakukuwa siraha wala tribinali pale. Kampuni ilikumbuka tu kwamba bila wale watu, mulango hautafunguka.

Sasa tusidanganyane: kazi ya bure si dhambi kila mara. Kuko mukutano mwengine unaitwa Worldcon, wa wapenzi wa hadithi za sayansi, ulioanza New York mwaka 1939. Kule wote ni benevole, toka yule mwenye kufagia mpaka mukubwa wa mukutano. Hata watumikaji wanalipa kiingilio chao. Lakini hakuna kampuni yenye mali ile. Wanamemba wenyewe wanapiga kura wapi mukutano utafanyika, wanakaa mu mukutano wa kanuni na kuzibadilisha, na faida ikibaki, sehemu yake inasaidia mikutano inayofuata. Mara nyingi wenye kutumika wanarudishiwa kiingilio chao feza ikitosha. Magomvi hayakosekani pale, lakini ni magomvi ya watu ndani ya nyumba yao wenyewe.

Basi njo jibu tulimupa yule kijana. Usiulize tu kama unapenda kazi. Uliza maulizo matatu: Nani anatoa amri? Nani anabeba faida? Nani anaonyeshwa hesabu? Kama wewe unasikia amri tu, faida ni ya mwengine, na hesabu imefungwa ndani ya kabati, ile si kujitolea. Unatumikishwa.

Na sheria ya kwetu iko. Kode ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inaita kontra ya kazi mapatano yoyote ambamo mutu anatumika chini ya amri ya mwengine kwa malipo. Majaribio pia ni ndani ya kontra, na yana mwisho: mwezi moja kwa manovra asiye na ufundi, miezi sita kwa wengine. Kujifunza kazi kuko na kontra yake, na lazima iandikwe. Na mwenye kuchukuliwa siku kwa siku, akifikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena mbele ile miezi miwili kuisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Kukiwa ugomvi, munaanza kwa Enspekta wa Kazi, kisha njo tribinali. Lakini Enspekta atauliza ushahidi. Kwa hiyo andikeni: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la shefu aliyetoa amri. Kaye ya shule inatosha.

Tulipomaliza kusema vile, mama mumoja aliyekuwa anakusanya sahani alituangalia, akasema: « Na mi, nani atanilipa makala? »

Tulinyamaza. Siku za mugomo, wamama njo wanatupikia bukari. Vijana wanagawa makaratasi, wengine wanalala mulangoni. Tunawaambia: ni juu ya mapambano yetu. Ni kweli. Lakini wao hatujawaonyesha hata mara moja kaye ya michango. Mama yule alinunua makala kwa feza ya soko yake, na hakuna aliyemuuliza. Tulimuuliza kijana maulizo matatu, na sisi wenyewe tulishindwa la tatu.

Hatutafuti faida, sendika si kampuni. Lakini tukificha hesabu, tutakuwa tunafanana na wale tunaowalaumu. Kwa hiyo tumekubaliana: siku ya posho inayokuja, kaye ya michango itakuwa mezani, wazi, na kila mutu aliyetumikia mapambano, mwenye kadi na asiye na kadi, wababa na wamama, ataisoma na kusema neno. Deni ya makala imeandikwa ku mustari wa kwanza.

Kijana naye ameanza kuandika siku zake. Enspekta anapokea watu asubui. Tutaenda naye.