Kelele hazikatizi somo, wingu hulikatiza

Jirani ni fundi wa mageti, na mashine yake ya kukata vyuma ilikuwa ikilia tangu asubuhi. Nikajua siku hiyo hakuna kurekodi somo la video. Mwalimu niliyemtembelea, naye kiziwi, hakugeuka hata mara moja. Alisimama mbele ya shuka la buluu lililotundikwa ukutani, simu juu ya stendi, dirisha likimmulika usoni, mikono yake ikiwaeleza wanafunzi viziwi wa sekondari osmosi kwa lugha ya alama. Wingu likapita, chumba hicho cha Mwananyamala, Dar es Salaam, kikafifia. Papo hapo akashusha mikono. Itabidi kurudia, akaniambia.

Jambo hilo limenikaa kichwani wiki nzima. Sisi tunaosikia tungeanza kwa kutafuta utulivu. Yeye anatafuta mwanga.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya corona, masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na kwenye simu. Redio ilimwacha kiziwi nje kabisa. Kwenye video, dawa ya wengi ni kumweka mkalimani kwenye kisanduku pembeni. Ukifungua kwenye simu, anasema mwalimu, mkalimani mzima anabaki saizi ya ukucha wa dole gumba. Vidole havisomeki, na uso ndio kabisa. Uso nao ni sarufi: nyusi zikibadilika, maelezo yanageuka swali.

Kubwa zaidi kwake ni macho. Mtoto anayesikia huangalia mchoro huku akimsikiliza mwalimu. Kiziwi ana macho hayohayo kwa kazi zote mbili. Akiutazama mchoro, maelezo yameshampita. Kwa hiyo mwalimu hueleza kwanza, kisha hutuliza mikono. Mchoro unatokea peke yake, unakaa mpaka mtoto aushibe, ndipo mikono irudi. Nilizitazama sekunde hizo tupu nikaona ndizo zenye kazi kubwa kuliko zote. Lakini zinarefusha somo, na somo refu linakula bando. Mzazi wa kipato cha kuungaunga atanunua bando mara ngapi?

Kuhusu maandishi chini ya video, anayataka, ila hataki yachukue nafasi ya mikono. Kwa wengi waliozaliwa viziwi Kiswahili ni lugha ya pili, na sekondari wanakutana na Kiingereza juu yake.

Kuna pia tatizo la alama zenyewe. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza 1963, ya Buguruni 1974, na mpaka leo alama hutofautiana shule kwa shule. Alama ya osmosi anayoitumia mwalimu huyu, mtoto wa Tabora ataijua? Nilimuuliza. Alitikisa kichwa, akarudi kupanga stendi yake.

Nawaomba walimu na watengenezaji wa masomo ya mtandaoni: kabla ya kuirusha video, izimeni sauti, muitazame yote kwenye simu ndogo.