Gari la polisi lililotumika

Gari la polisi lililotumika ni gari lililokuwa mali ya idara ya polisi, kisha likauzwa kwa raia baada ya kuondolewa kazini. Biashara hii imeenea hasa nchini Marekani, ambako miji, kaunti na majimbo huwa na idara zao za polisi, na kila idara hubadilisha magari yake baada ya miaka kadhaa. Magari hayo huvutia wanunuzi kwa sababu bei yake ni nafuu na yaliundwa kwa ajili ya kazi ngumu. Hata hivyo, kazi hiyo ngumu ndiyo pia inayoyachosha. Kwa hiyo anayechagua kati ya magari mawili ya namna hii hupata picha iliyo sahihi zaidi akichunguza kazi ambayo kila moja lilifanya kuliko akilinganisha majina ya kampuni peke yake.

Jinsi yanavyouzwa

Idara nyingi huuza magari yake kwa mnada wa hadhara, na siku hizi minada mingi hufanyika kwenye intaneti. Gari huuzwa kama lilivyo, bila dhamana. Mara nyingi mnunuzi haruhusiwi kuliendesha barabarani kabla ya kulipa, na juu ya bei ya gari huweza kuongezwa ada ya mnada. Wako pia wafanyabiashara wanaonunua mnadani, wakafanya matengenezo na kuuza kwa bei ya juu zaidi. Katika miji mingi magari haya yaliendelea na maisha ya pili kama teksi.

Tofauti na gari la kawaida

Gari la polisi hufanana kwa nje na gari la kiraia la aina ileile, lakini viwanda huliongezea vifaa imara. Huwa na mfumo mkubwa zaidi wa kupoza injini, breki zenye nguvu, springi na shokapu ngumu, na altaneta inayoweza kulisha redio, kompyuta na taa nyingi kwa wakati mmoja. Polisi wa jimbo la Michigan hupima magari mapya ya polisi kila mwaka, wakilinganisha kasi, breki na uthabiti wake kwenye kona. Matokeo hayo hutangazwa, na mnunuzi wa gari lililotumika anaweza kuyasoma pia.

Saa za injini

Odometa huhesabu umbali tu. Gari la doria hukaa muda mrefu limesimama huku injini ikiunguruma, ili redio, taa na kiyoyozi vifanye kazi. Wakati huo injini inalika, lakini odometa haisogei. Kampuni ya Ford ilikadiria kuwa saa moja ya kuunguruma gari likiwa limesimama ni sawa na kuendesha maili 33 hivi, yaani kilomita 53. Magari mengi ya polisi ya miaka ya karibuni huonyesha saa hizo kwenye dashibodi.

Mfano wa hesabu: gari la kwanza limetembea maili 80,000 na lina saa 4,000 za kuunguruma. Saa 4,000 mara 33 ni maili 132,000, hivyo injini yake imefanya kazi ya maili 212,000. Gari la pili limetembea maili 120,000 lakini lina saa 800 tu za kuunguruma, ambazo ni sawa na maili 26,400. Jumla yake ni maili 146,400. Kwa kutazama odometa peke yake, mnunuzi angechagua gari la kwanza, kumbe ndilo lililochoka zaidi.

Kwa sababu hiyo, gari lililotumiwa na mpelelezi au mkuu wa kituo huwa limechoka kidogo kuliko gari la doria la mjini. Gari la polisi wa barabara kuu huwa na maili nyingi, lakini nyingi kati ya hizo ni za mwendo wa mfululizo, ambao hauichoshi sana injini.

Aina zinazopatikana

Ford Crown Victoria Police Interceptor ilitengenezwa katika jimbo la Ontario, Kanada, hadi mwaka 2011. Ina injini ya V8 ya lita 4.6, husukumwa na magurudumu ya nyuma, na bodi yake imefungwa juu ya fremu ya chuma. Vipuri vyake ni vingi na mafundi wengi wanaifahamu. Hunywa mafuta mengi, na hata magari ya mwisho ya aina hii sasa yana umri mkubwa. Tangi lake la mafuta liko nyuma ya ekseli. Baada ya matukio ya magari haya kuwaka moto yalipogongwa kwa nguvu kutoka nyuma, Ford ilianza mwaka 2002 kutoa kinga za kuzunguka tangi kwa magari ya polisi. Ni muhimu kuhakikisha kwamba kinga hizo zipo.

Chevrolet Impala ya polisi ina injini ya V6 na huvutwa na magurudumu ya mbele, hivyo hutumia mafuta kidogo kuliko Crown Victoria. Alama 9C1 huonyesha gari la doria, na 9C3 huonyesha gari lisilo na nembo za polisi.

Chevrolet Caprice PPV ililetwa kutoka Australia, ilikotengenezwa na Holden, kuanzia modeli ya mwaka 2011 hadi 2017. Haikuuzwa kwa raia wa Marekani ikiwa mpya. Ni gari lenye nguvu, lakini baadhi ya vipuri vyake, hasa vya bodi, ni vigumu kupatikana.

Dodge Charger ya polisi hupatikana kwa injini ya V6 au V8. Katika injini ya V8 ya lita 5.7, mlio wa kugongagonga usiokoma baada ya injini kupata moto unahitaji kuchunguzwa na fundi kabla ya kununua.

Ford Police Interceptor Utility hutokana na Ford Explorer. Katika zile za modeli ya 2013 hadi 2019, pampu ya maji iko ndani ya injini na huzungushwa na cheni ya taimingi. Ikivuja, maji yanaweza kuingia kwenye oili na kuharibu injini nzima. Mwaka 2017 Ford ilianza kurekebisha magari ya Explorer ya polisi baada ya malalamiko kwamba moshi wa ekzosi huingia ndani. Kampuni ilieleza kuwa matundu yaliyotobolewa nyuma ili kufunga vifaa vya polisi, kisha yasizibwe, yalikuwa miongoni mwa sababu. Moshi huo una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua.

Ukaguzi

Mnunuzi hushauriwa kuangalia mambo yafuatayo:

* Kumbukumbu za matengenezo. Idara nyingi huzitunza, na huweza kuzitoa zikiombwa.
* Namba ya utambulisho wa gari. Kwa namba hiyo, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, huonyesha bila malipo kama kuna kasoro ambayo kiwanda kilitakiwa kuirekebisha na bado haijarekebishwa.
* Matundu kwenye paa, buti na dashibodi, pamoja na nyaya zilizokatwa vifaa vilipong'olewa.
* Alama za ajali kwenye fremu, hasa mbele.
* Milango ya nyuma, ambayo mara nyingi haifunguki kwa ndani. Ni hatari kwa familia yenye watoto isiporekebishwa.
* Kufuli. Baadhi ya idara ziliagiza magari mengi yanayofunguliwa kwa ufunguo wa aina moja, hivyo ni salama zaidi kuzibadilisha.

Sheria

Kabla ya kuuza, idara kwa kawaida huondoa nembo, king'ora na taa za dharura. Kujifanya askari ni kosa la jinai, na majimbo hukataza gari la raia kuwasha taa au kubeba alama zinazoweza kuwafanya watu waliamini kuwa la polisi. Kumiliki gari lenyewe ni halali.

Kulisafirisha Afrika Mashariki

Magari haya yana usukani upande wa kushoto, wakati Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara na hutumia usukani wa kulia. Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, wala lililozidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo gari lililoonekana rahisi mnadani Marekani linaweza kukwama bandarini Mombasa.