Nauli ya Bibi Kwanza: Namna ya Kuchangisha Fedha za Siku ya Uimbaji wa Jadi Katika Kata

Mtama na uwele vikishaingia ghalani na vumbi la kiangazi likianza kupanda, hurudi pia hamu ya ngoma. Ndivyo ilivyokuwa Ugogo tangu zamani: mvua hapa ni za msimu mmoja, kazi ya shamba ikikoma watu hupata chakula na nafasi, na ngoma hufuata. Siku hizi hamu hiyo hufuatana na barua. Kikundi huandika kwa Afisa Mtendaji wa Kata kikiomba kuungwa mkono ili wazee na vijana wakutane siku moja na kuimba nyimbo za jadi. Nia huwa njema. Kasoro huonekana katika jedwali la bajeti lililoambatishwa, ambamo mna jukwaa, spika, fulana, mapambo, chakula cha mgeni rasmi na zawadi ya mgeni rasmi, lakini nauli ya bibi atakayewafundisha mabinti kupiga muheme haimo.

Makala haya yanaeleza namna wakazi wa Mtumba wanavyoweza kuchangisha fedha kwa ajili ya mkusanyiko wa aina hiyo. Yanaanza na jambo la msingi, yaani fedha hizo ni za kazi gani, kwa kuwa bajeti isiyojua kazi yake haiwezi kumshawishi mchangiaji yeyote makini.

Uimbaji wa Wagogo haukai katika koo la mtu mmoja. Kiongozi huanza, kundi huitikia kwa sauti kadhaa zinazoachana na kukutana tena, na kila sauti husikika vema pale tu nyingine zinapokuwapo. Katika muheme, wanawake husimama ngoma zikiwa zimebanwa katikati ya mapaja, wakapiga, wakaimba na kusogea kwa wakati mmoja. Zeze, ilimba, filimbi na njuga navyo vina watu wao na mahali pao. Zamani mtoto hakupelekwa darasani kuyajifunza hayo. Msichana alisimama kando ya mama na shangazi zake, mvulana aliyapata jandoni na machungani. Leo jando kwa wengi limehamia zahanati, machunga yamepungua, na likizo ya shule ina masomo yake ya ziada. Simu huweza kuhifadhi wimbo mzima, tena kwa sauti safi, lakini haimsahihishi binti aliyechelewesha pigo, wala haimpi sauti ya pili ya kuegemea anapoimba ya kwanza.

Kwa sababu hiyo ngoma hii inaweza kukatika ghafla. Wimbo unaohitaji sauti nne ukibakiwa na waimbaji wawili haubaki nusu, huacha kuimbwa. Wanaoweza bado wapo katika kata yetu na kata jirani, ila wengi wao sasa ni bibi na babu.

Upande wa pili, tunao ushahidi kwamba urithi huu ukifundishwa nyumbani hufika mbali. Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu wa Dodoma, aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1960, akaipeleka ilimba na zeze katika majukwaa ya dunia, na akafariki dunia Desemba 2003 akiwa Bagamoyo. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wajulikanao kama The Zawose Queens, walitoa albamu yao iitwayo Maisha. Vizazi vitatu, na mafunzo yao yalianzia katika familia.

Mtumba ina haraka yake ya pekee. Tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, na hasa baada ya Mji wa Serikali kuzinduliwa hapa Aprili 2019, kata hii imebadilika kuliko karibu kata nyingine yoyote ya Dodoma. Palipokuwa na mashamba pana viwanja, barabara za lami na majengo ya wizara. Baadhi ya familia zimehama, na jirani waliozoea kuitana kwa sauti sasa huhitaji usafiri ili kukutana. Darasani, mtoto wa Kigogo hukaa dawati moja na mtoto aliyezaliwa Bukoba au Mbeya, na "mbukwa" ya bibi mara nyingi huitikiwa kwa "shikamoo". Hilo si la kulaumu. Linaeleza tu kwa nini mkutano ambao zamani ulijitokeza wenyewe sasa unahitaji kamati, ratiba na fedha.

Sasa tupige hesabu. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, wala si viwango vya Halmashauri. Tuseme kuna wazee 20, vijana na watoto 60, na mazoezi ya Jumamosi 8 kabla ya siku yenyewe. Nauli ya wazee, kwa shilingi 3,000 kwenda na kurudi, ni shilingi 480,000. Posho ya mafundisho, shilingi 5,000 kwa kila mzee kila Jumamosi, ni 800,000. Uji na chai kwa watu 80, shilingi 1,000 kila mmoja, ni 640,000. Kuwamba upya ngoma 6 kwa shilingi 50,000 kila moja ni 300,000. Jumla ya maandalizi ni shilingi 2,220,000. Siku ya mkusanyiko, chakula cha watu 250 kwa shilingi 4,000 ni 1,000,000, turubai na viti 350,000, na vipaza sauti 400,000, jumla 1,750,000. Gharama yote ni shilingi 3,970,000.

Tazama mahali fedha nyingi zilipo. Zipo katika zile Jumamosi 8 ambazo hakuna mgeni rasmi wala kamera. Kamati ikipungukiwa, kishawishi huwa ni kukata mazoezi na kubakiza turubai, kwa kuwa turubai huonekana. Mwandishi wa makala haya anashauri kinyume chake. Ngoma za Wagogo zilisikika bondeni na milimani kabla ya spika kufika Ugogo. Ondoeni spika, posho ya wazee ibaki. Na neno "posho" lisimwogopeshe mtu. Mzee anayeacha bustani yake au mbuzi wake siku nzima anafanya kazi, na fundi wa kuchomelea vyuma hatuombi atufundishie vijana bure kwa miezi miwili.

Fedha hizo zitatoka wapi? Kwanza kwa wakazi wenyewe, na hapa hatuna haja ya kutafuta mtaalamu wa mbali. Kila mtaa una watu waliowahi kuketi katika kamati ya harusi. Wanajua kuandika kadi za ahadi, kuweka tarehe ya mwisho wa ahadi, kumkumbusha mtu bila kumuudhi, na kutangaza kila juma nani ameahidi na nani amekamilisha. Ujuzi huohuo, wenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, unatosha kabisa kuendesha mchango wa ngoma. Tofauti ni moja: harusi ina wazazi wanaoona aibu ikipungukiwa, ngoma ya kata haina mwenye aibu, hivyo kamati iteue watu wanaokubali kuibeba.

Michango ya vitu ipewe heshima sawa na ya fedha. Debe la mtama, unga wa uji, kuku, kuni, ngozi ya kuwambia ngoma, gari la kuwarudisha wazee jioni, vyote viandikwe katika daftari na kukadiriwa thamani. Katika mfano wetu, familia 40 zikitoa unga, sukari na kuni, gharama ya uji inaweza kushuka sana. Aliyetoa unga ana haki ya kusikia jina lake likisomwa kama aliyetuma fedha kwa simu.

Wakazi wapya, wakiwamo watumishi wa Mji wa Serikali, wasiachwe nje kwa dhana kwamba ngoma hii haiwahusu. Wengi wanatoka katika jamii zenye ngoma zao, na wapo wanaotamani watoto wao wajue wanaishi wapi. Waombwe kwa barua, na watoto wao wakaribishwe mazoezini. Makanisa pia ni wadau wa karibu: kwaya zinazoimba Kigogo kwa ngoma, zeze na marimba zimehifadhi mengi, na mara nyingi ukumbi wa kanisa ndio pekee unaoweza kutumika bila kodi.

Kwa mfano ulio hai, tutazame jirani zetu wa Chamwino. Tangu mwaka 2009 Kituo cha Sanaa Chamwino kimekuwa kikiandaa tamasha la muziki wa Wagogo. Mwanzilishi wake, Dkt. Kedmon Mapana, alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyeandika kuhusu namna watoto wa Kigogo wanavyokatiwa njia ya kujifunza muziki wao, na baadaye aliteuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Somo kubwa la Chamwino ni mahali: vikundi hukutana Ugogo kwenyewe, mbele ya watu wanaoelewa maneno ya nyimbo na wanaoweza kucheka mzaha uliomo. Mfadhili anayefika huko huona kitu kamili, na ni rahisi kumweleza anachangia nini.

Lakini wafadhili wakubwa wasiwe nguzo pekee. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004 na kujulikana dunia nzima, lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarejea mwaka 2017. Ikiwa tamasha la ukubwa huo liliweza kukosa mwaka mzima, kikundi cha kata kinachotegemea barua moja kwa kampuni moja kiko katika hatari kubwa zaidi.

Swali linaloulizwa sana ni hili: je, fedha za asilimia 10 haziwezi kutumika? Kwa mujibu wa sheria, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni mkopo. Hazina riba, lakini hurejeshwa, na hutolewa kwa shughuli ya kuzalisha kipato. Siku moja ya ngoma haizalishi marejesho. Kikundi cha sanaa kilichosajiliwa ambacho hutengeneza na kuuza ngoma, zeze au mavazi ya shanga, au hukodishwa katika sherehe kwa malipo, kinaweza kuomba kwa shughuli hiyo kama kikundi kingine chochote. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania nao hukopesha wadau wa sanaa, na tahadhari ni ileile. Kikundi kisikope ili kununua fulana.

Kinachoweza kutolewa na ofisi za umma bila mkopo ni ushauri na uratibu. Afisa Utamaduni huelekeza kuhusu usajili na vibali vya BASATA, Afisa Maendeleo ya Jamii husaidia usajili wa kikundi na katiba yake, na walimu wakuu wanaweza kushauriwa kuhusu Jumamosi zisizogongana na mitihani. Kwa watoto, ridhaa ya mzazi ipatikane kwa maandishi. Ngoma na kwaya zimo katika mashindano ya UMITASHUMTA, hivyo shule nyingi zina mwalimu mwenye moyo wa kazi hii.

Jambo jingine husahaulika hadi mgogoro utokee. Mchangiaji mkubwa au mgeni anapotaka kurekodi nyimbo, makubaliano yaandikwe kabla kamera haijawashwa: zitatumika wapi, nani atalipwa, na wazee watapata nakala au la. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi, na kikundi chenye mashaka kiulize BASATA au Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA.

Kuhusu fedha zenyewe, michango iingie katika akaunti ya kikundi, benki au ya simu, inayohitaji idhini ya watu zaidi ya mmoja ili kutoa. Isitumwe kwenye namba binafsi ya mwenyekiti, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kwa sababu naye huugua na hufiwa, na simu hupotea. Michango hii ni mali ya kikundi, wala haiwi mapato ya Halmashauri. Malipo ya Halmashauri hufanyika kwa namba ya malipo ya Serikali, na mtu anayekusanya fedha taslimu za ngoma nyumba kwa nyumba akidai ametumwa na Halmashauri aombwe barua, kisha ofisi ya mtaa iulizwe kabla ya kumpa chochote.

Ndani ya siku 14 baada ya mkusanyiko, kamati isome hesabu katika mkutano wa mtaa, pamoja na orodha ya vitu na kiasi kilichobaki. Wananchi wetu huchangia misiba, harusi, madarasa na matibabu, na uchovu wao ni wa haki. Kikundi kilichosoma hesabu mwaka huu hupokelewa kwa uso mwingine mwakani.

Kwa mkusanyiko wa Julai, kamati inafaa iundwe Februari, ahadi zianze kukusanywa Machi, na mazoezi yaanze Mei. Barua ya maombi huanzia kwa Mwenyekiti wa Mtaa, hupitia kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa na kufika kwa Afisa Mtendaji wa Kata. Iambatishwe muhtasari wa kikao, majina ya kamati, bajeti, na ukurasa mmoja zaidi ambao hauombwi na mtu yeyote lakini unapaswa kuwapo: majina ya wazee watakaofundisha, nyimbo ambazo kila mmoja anazijua, na namna atakavyofika mazoezini na kurudishwa nyumbani.