Neno "Divai"

Mwalimu afundishaye wakatekumeni huku Kitangari hufika siku moja penye neno divai, nao humwuliza, "Je, ndiyo uraka?" Mzabibu hawaujui, ila mabibo yamewajaa mashambani, swali lao ni la haki, nalo lataka jibu.

Neno hili si la Kiarabu, kama wengine wadhanivyo. Ni la Kifaransa, na kwa asili ni maneno mawili: du vin. Vin ndicho kileo chenyewe cha zabibu. Du ni kijineno kionyeshacho kiasi kisichopimwa, kama mtu aombapo kitu mezani. Msikizaji asiyejua Kifaransa alisikia neno moja, akalichukua zima. Wamalagasi wamefanya vivyo hivyo: husema divay, na chai huiita dite, yaani du thé. Huko Mauritius maji ni dilo, kutoka de l'eau. Waingereza walichukua vin aigre, maana yake divai chachu, wakapata vinegar. Lakini kijineno kile hawakukishika.

Wafaransa hawakuwa wageni pwani hii. Mwaka 1776 Morice alipatana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Mapadre wa Kifaransa walifika Unguja kutoka Réunion mwaka 1860, na Bagamoyo mwaka 1868, wakiwakomboa watumwa. Masasi yetu nayo ilianzwa mwaka 1876 na watu waliotolewa utumwani. Basi neno tulitamkalo altareni ni la lugha ile ile waliyoisema wanunuzi wa watu na wakombozi wao pia.

Lina ndugu yake, mvinyo, litokalo katika Kireno, vinho. Kwa asili yote mawili hutaja kitu kimoja; lakini mvinyo ulielekea vileo vikali, hata vile vya kukenekwa, na divai ikabaki kwa zabibu. Biblia ya Union ya mwaka 1952 yaandika divai katika habari ya arusi ya Kana. Siku hizi magazeti husema mvinyo wa Dodoma, maana zabibu hulimwa huko, na tofauti ile yafifia.

Sisi twajibu hivi: uraka si divai kwa sababu ya tunda, wala si kwa sababu divai ni kitu cha wageni. Na apendaye kusema mvinyo mbele ya wazee wa huku, aeleze kwanza kwamba ni wa zabibu, wasije wakadhani gongo limetiwa kikombeni.